Binti yangu anasema kopo limeharibika

Shikamoo Bibi,

Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka minne na nusu, wa kiume anakaribia kutimiza miwili. Chakula wanachokubali bila ugomvi ni kimoja tu: pasta ya kopo, zile pete ndogo kwenye sosi ya rangi ya machungwa. Hapa nyumbani tunaziita "pete" basi. Zilianza wiki niliyolala mgonjwa, baba watoto akawa anafungua kopo kila jioni maana ndicho alichokiweza. Mimi nikapona, pete hazikuondoka.

Sina kinyongo na kopo lenyewe. Ila juzi nilikaa nikasoma maandishi yake madogo, nikakuta sukari, nikakuta chumvi, nikakuta na jina moja refu lililonishinda kutamka. Nikasema nitapika mwenyewe. Bibi, nimeshindwa mara tatu.

Mara ya kwanza nilitumia nyanya mbivu, vitunguu, kitunguu saumu na majani ya basili, na pasta nikaiepua mapema ikiwa bado na kiini kidogo, kama wapishi wanavyofundisha. Kilikuwa chakula kizuri. Mimi na baba yao tulikimaliza. Binti alichukua pete moja kwa vidole, akaifuta sosi ukingoni mwa sahani, akaniambia, "Hii ina vitu." Vitu vyenyewe vilikuwa vipande vya kitunguu, vidogo kama kichwa cha pini.

Mara ya pili nikaisaga sosi yote. Ikatoka nyekundu na kali. Mdogo akaweka mdomoni, akatema, halafu akaufuta ulimi kwa kiganja chake.

Ya tatu naona aibu kuisimulia. Niliosha kopo tupu, nikamimina chakula changu ndani, nikajifanya ndiyo kwanza nalifungua mbele yao. Binti akaonja kijiko kimoja, akalitazama kopo, akanitazama mimi. "Mama, kopo limeharibika." Tangu siku hiyo hakai mezani mpaka asikie mlio wa kopo likifunguliwa.

Nina maswali mawili. Nakosea wapi? Na je, nikishapatia, naweza kupika nyingi, nikajaza kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vya kubana, nikazichemsha kwenye sufuria kubwa na kuzipanga kabatini, ili nami niwe na makopo yangu? Baba watoto anasema niache, watakua tu. Lakini yeye ndiye anayemalizia wanachobakiza, tena akiwa amesimama palepale jikoni, kwa hiyo sijui kama ni hakimu wa haki.

Mama wa Pete


Marahaba mjukuu wangu, na pole kwa kopo lililoharibika.

Naanza na swali la pili kwa sababu ndilo linaloweza kuumiza mtu. Hizo chupa usizichemshe. Kiwandani kopo hufungwa kwanza, kisha huingizwa kwenye mtambo wa mvuke wenye shinikizo ambamo joto hufika kama nyuzi 121 za Selsiasi. Maji ya sufuria yako, hata uyachemshe kutwa nzima, hayapiti 100. Tofauti hiyo ndogo ndiyo yenye mambo. Kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Mwenyewe hufa kwenye maji yanayochemka, lakini spora zake, yaani mbegu ngumu anazoziacha, hazifi. Ukishabana kifuniko na hewa ikatoka umezijengea nyumba: hakuna hewa, kuna unyevu, kuna chakula. Sumu inayotengenezwa humo hupoozesha misuli, hadi ile ya kupumulia, na chupa inaweza isinuke wala isifure.

Utaniuliza, mbona watu husindika nyanya majumbani na wako hai? Nyanya ina uchachu, na wanaojua kazi huongeza maji ya limau ili uchachu huo usipungue. Wewe unataka kutia pasta, na sosi nitakayokufundisha hapa chini ina maziwa na jibini. Uchachu unashuka, na wanga unaufanya mchanganyiko kuwa mzito kiasi kwamba joto linachelewa kufika katikati ya chupa. Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoa miongozo ya usindikaji wa nyumbani, inawaambia watu wazi wasitie tambi, mchele, unga wala maziwa kwenye vyakula wanavyosindika. Sufuria ya presha nayo haitakuokoa, kwa sababu muda wa sosi yako hakuna aliyewahi kuupima. Makopo yako yatakaa kwenye friza. Nitafika huko.

Sasa tuje kwenye hizo mara tatu. Ulipika chakula cha mtu mzima ukawapelekea watoto wanaojua kitu kingine kabisa. Pete za kopo ni laini hadi zinapondeka kwa ulimi, sosi yake haina hata punje, ina utamu kidogo, na kijiko cha leo ni kilekile cha jana. Mpishi wa hoteli angeziita zote hizo kasoro. Kwa mtoto wa miaka miwili ndiyo sababu ya kufungua mdomo. Basi kwa mwezi mmoja sahau kupika vizuri. Pika kopo.

Na usidhani pete zilitokea tu. Kampuni ya Campbell ilipozileta sokoni Marekani mwaka 1965, Donald Goerke aliyezibuni alikuwa akitafuta pasta ambayo mtoto ataila kwa kijiko bila kujipaka mwili mzima, na ambayo umbo lake litavumilia kupikwa kiwandani. Zilifikiriwa nyota, wakafikiriwa hata wanaanga. Pete ikashinda. Kwa hiyo ukinunua pasta, nunua ndogo inayokaa kwenye kijiko: pete ukizipata, la sivyo nyota, herufi au vijibomba vifupi. Tambi ndefu ziache kwanza, hata ukizikatakata.

Ulaini ndio uliokushinda siku ya kwanza. Pasta ya kopo hupikwa ndani ya sosi yake, kopo likiwa limefungwa, kisha hukaa humo miezi ikinywa. Wewe huna miezi, ila unaweza kuiiga. Chemsha pasta kwenye maji yasiyo na chumvi, na muda ulioandikwa kwenye pakiti uongeze nusu yake: ikisema dakika 8, nenda 12. Chuja, usiisuuze, imimine kwenye sosi iliyo nyepesi kuliko unavyoona inafaa, nyepesi hadi ujitilie shaka. Funika, zima moto, ondoka kwa dakika 20. Ukirudi utakuta sosi imepungua na pete zimenenepa. Chukua moja uibane kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno. Isipopondeka, rudisha kifuniko usubiri tena.

Sosi yenyewe, kwa pasta gramu 200, ambayo itawatosha wote wawili kwa milo miwili: kata kitunguu maji kimoja kidogo na karoti mbili vipande vyembamba, weka kwenye sufuria na vijiko viwili vya chakula vya siagi isiyo na chumvi, funika, moto mdogo kabisa, dakika 20. Visikaangike. Unataka vilegee na kutoa utamu wao bila kubadilika rangi. Kisha tia nyanya nzito, ile inayouzwa kwenye vikopo vidogo, vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa. Angalia kopo liwe na nyanya tupu, bila chumvi. Hapo ongeza moto kidogo, geuza kwa mwiko dakika mbili tatu mpaka rangi ikolee na siagi ianze kujitenga pembeni. Usiwe na haraka. Ule ukali uliomfanya mdogo afute ulimi unafia hapa. Ongeza maji nusu lita, acha ichemke taratibu dakika 10, ipoe kidogo, usage. Blenda usiijaze, maana mvuke wa sosi ya moto unaweza kurusha kifuniko. Mimi dari yangu inajua.

Halafu chuja. Najua umeshasaga na unaona inatosha. Chuja kwa chujio la matundu madogo ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Binti yako amekueleza tatizo lake kwa maneno matatu, na mabaki utakayoyakuta kwenye chujio ndivyo "vitu" vyenyewe.

Rangi ya machungwa haitoki kwenye nyanya peke yake. Inatokea nyanya inapokutana na mafuta na maziwa, na karoti inasaidia. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye mililita 150 za maziwa baridi, umimine polepole kwenye sosi iliyo juu ya moto mdogo, mkono usiache kukoroga. Wanga huo si wa uzito tu, unayasaidia maziwa yasikatike yakikutana na uchachu. Acha itokote kidogo, zima, tia jibini ya kukunwa gramu 40 na nusu kijiko cha chai cha paprika isiyowasha. Ukiona ni nzito kuliko uji mwepesi, ongeza maji ya moto kabla ya kutia pasta. (Ngano na maziwa vimo humu, na mara nyingi vimo kwenye kopo pia. Akija mtoto mgeni mezani, muulize mzazi wake kwanza.)

Umeona sijataja sukari wala chumvi. Utamu umo kwenye karoti, kitunguu na maziwa. Ukiona bado hautoshi, ongeza karoti ya tatu au nusu ya pilipili hoho nyekundu, hasa kwa ajili ya huyo mdogo, kwani miongozo ya lishe ya Marekani inataka mtoto wa chini ya miaka miwili asiongezewe sukari kabisa. Chumvi imeshaingia na jibini. Huduma ya afya ya Uingereza inaweka kikomo cha gramu 2 za chumvi kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, na gramu 3 kwa wa miaka 4 hadi 6, na hiyo ni chumvi ya siku nzima, pamoja na ya mkate na ya jibini. Ukirudi kusoma lile kopo, angalia kama limeandika chumvi au sodiamu. Sodiamu zidisha kwa 2.5 ndipo upate chumvi. Kopo likisema gramu 0.4 za sodiamu kwa mlo, hiyo ni gramu 1 ya chumvi, nusu ya siku ya mdogo wako imekwisha kwa bakuli moja. Lile jina refu lililokutisha huenda ni aina ya wanga wa kuifanya sosi iwe nzito au asidi ileile iliyomo kwenye limau. Mimi nisingelihangaikia. Ningehangaikia hiyo namba.

Sasa, hata ukipika hivi sawasawa, siku ya kwanza wanaweza wasile. Na hapa lazima tuzungumzie lile kopo uliloliosha. Nilicheka peke yangu, sikufichi, lakini usirudie. Mtoto anayekula vyakula vichache anashikilia kimoja anachokiamini. Ukimchezea hapo, anaweza kukosa vyote viwili, cha kwako na cha kopo, na ndiyo maana sasa anadai ushahidi wa mlio.

Mwambie ukweli. "Mama alijaribu kupika pete, hazikutoka sawa, njoo unisaidie." Mtoto wa miaka minne aliyejua kwa kijiko kimoja kwamba kopo "limeharibika" ana ulimi ambao wewe na mimi tunauhitaji jikoni. Weka bakuli mbili mbele yake, moja la kopo na moja la kwako, kijiko kimoja kimoja tu, na umuulize kinachopungua. Atasema "hii ni nzito", au "hii haina utamu", au atakuambia rangi tu, na wewe unarekebisha kitu kimoja kabla ya siku inayofuata. Kimoja, siyo vitatu, la sivyo hutajua kilichomkera ni kipi. Akisema haonji, asionje. Anuse, aguse, aondoke. Wanaochunguza ulaji wa watoto wanajua kwamba chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonekana mezani mara kumi na zaidi kabla mtoto hajakikubali, na wewe umeonyesha vyakula vitatu tofauti mara moja moja.

Mdogo hatatoa hukumu, kwa hiyo kwake changanya waziwazi: vijiko vitatu vya kopo, kimoja cha nyumbani, bakuli moja. Akikaa siku tatu nne bila kulalamika, nusu kwa nusu. Akigoma, rudi hatua moja nyuma na usiseme kitu. Hakuna "kijiko kimoja tu cha mama". Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter alizigawa kazi hizi zamani, na mimi sijapata mgawanyo bora: mzazi anaamua kipi kinapikwa, saa ngapi na kinaliwa wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile.

Wakishakula ya nyumbani wiki mbili bila kesi, ndipo unaanza kurudisha dunia kidogo kidogo. Siku moja sosi isiyochujwa. Wiki nyingine dengu nyekundu zilizopikwa na kusagwa humohumo, ambazo hawatazigundua kwa sababu rangi ni ileile (na wakiuliza, jibu). Baadaye nyama ya kusaga iliyolainishwa. Ukifika kwenye soseji, usizikate miduara kwa huyo mdogo. Mduara wa soseji unaziba koo la mtoto kama kizibo. Kata kwa urefu mara nne, kisha vipande vidogo.

Friza sasa. Gandisha sosi peke yake, kabla ya kutia maziwa na jibini, kwa sababu sosi yenye maziwa ikiyeyuka hujigawa na kuwa na chembechembe, na tunajua binti atasema nini. Tumia trei ya barafu: vikishaganda vihamishie kwenye mfuko, andika tarehe, tumia ndani ya miezi mitatu. Jioni unatoa vipande kadhaa, unaviyeyusha kwenye sufuria ndogo, unatia maziwa na wanga, pasta inachemka pembeni. Si haraka kama kufungua kopo, ila ukishazoea ni kama nusu saa, na ndani yake dakika 20 umekaa.

Iliyobaki ikiwa tayari na pasta isikae mezani. Itandaze kwenye chombo kipana ipoe upesi, iingie friji ndani ya saa mbili, iliwe ndani ya siku tatu. Vyakula vya wanga vikiachwa kwenye joto la chumba vinafuga bakteria mwingine, Bacillus cereus, na sumu anayoiacha haiondoki kwa kupasha moto. Ukipasha, ongeza maji vijiko viwili, ifuke mvuke mpaka katikati, na ukishaipasha mara moja usiirudishe friji.

Baba watoto ana hoja kidogo, mpe haki yake. Wengi huachana na hizi pete wakikua, na kopo moja moja haliui mtu. Acha mawili kabatini kwa siku ya homa. Ila yeye naye mpe bakuli lake na kiti, nadhani anaona aibu kuomba.

Na huo mlio anaoudai binti, si lazima umnyime. Ukianza kupika, mwite, ufungue mbele yake kile kikopo kidogo cha nyanya nzito.

Bibi